Ombwe Katika Lori la Dizeli

Mwaka 1982 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza malori madogo ya Chevrolet yenye injini ya dizeli ya lita 6.2. Katika yale yaliyofungwa giaboksi ya Turbo Hydra-Matic 400, ijibadilishayo gia yenyewe, uzee huweza kuleta hitilafu mbili kwa pamoja: gia huchelewa kubadilika, tena kwa kishindo, na chombo cha kushikilia mwendo hakishiki. Fundi mwenye haraka huifumua giaboksi, kumbe pengine ni mpira mmoja tu uliopasuka.

Katika injini ya petroli, bamba linalobana njia ya hewa hufanya ombwe pungufu nyuma yake. Injini hiyo ya dizeli haina bamba. Nguvu yake hutawaliwa kwa kiasi cha mafuta. Kwa hiyo ilibidi ipewe pampu ya ombwe. Ombwe hilo hupitia vali inayolipunguza kadiri dereva anavyokanyaga mafuta, kisha huvuta kiwambo kilicho kwenye giaboksi. Likikosekana, giaboksi hufanya kazi kana kwamba injini imeelemewa na mzigo. Pampu hiyo hiyo ndiyo inayokipa nguvu chombo cha kushikilia mwendo.

Basi uchunguzi na uanzie kwenye pampu, kwa geji. Pampu nzima hushusha kanieneo kwa kiasi cha sentimita 50 za zebaki, kati ya zile 76 za hewa ya pwani. Ikifikia hapo, mipira ifuatwe mmoja mmoja. Ule uendao kwenye giaboksi ukikutwa na mafuta ya giaboksi ndani, kiwambo kimetoboka.