Kuandika Makala ya Blogu Bila Intaneti: Somo kwa Vikundi na Wakazi

Katibu wa kikundi cha maji ameketi saiba tangu saa tisa. Anaandika tangazo refu katika blogu ya kikundi: kioski kitafungwa kuanzia Jumatatu ili bomba lirekebishwe, na wakazi watachotea wapi maji kwa muda huo. Amebakisha aya ya mwisho. Stima inapotea. Ikirudi, nusu ya tangazo haipo, pesa za saiba zimeisha na gari la kurudi nyumbani linaondoka. Jumatatu asubuhi, akina mama wanafika kwenye kioski na mitungi mitupu na kukuta kufuli.

Visa vya aina hii huwapata makatibu wa vyama, vikundi vya vijana na wakazi wanaoandika habari za wadi zao. Somo hili linaeleza njia ya kuviepuka: makala yaandikwe na kupangwa kwenye kompyuta bila intaneti, kisha intaneti itumike kwa dakika chache tu za kuyachapisha.

Kwa nini kuandika nje ya mtandao?

Huduma za blogu kama WordPress na Blogger huhifadhi rasimu zenyewe wakati mtu anaandika. Hata hivyo, uhifadhi huo hutegemea intaneti. Mtandao ukikatika, maneno ya mwisho yanaweza kupotea. Faili iliyo ndani ya kompyuta haijali kama mtandao upo au haupo.

Sababu ya pili ni gharama. Makala ya maneno 1,000 yakiwa maandishi matupu hayazidi kilobaiti 10 hivi. Kinachomaliza bando ni picha, pamoja na muda mrefu wa kukaa mtandaoni huku kurasa nyingine zikiendelea kupakia. Sababu ya tatu ni utulivu. Anayeandika bila kuhesabu dakika za saiba hupata nafasi ya kusoma upya, kumwonyesha mwenyekiti na kusahihisha tarehe kabla tangazo halijatoka.

Programu zinazofaa

LibreOffice Writer ni programu ya bure ya kuandikia. Hufanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, na ikishasakinishwa haihitaji intaneti. Aliye na Microsoft Word anaweza kuitumia vivyo hivyo. Hata Notepad, iliyomo katika kila kompyuta ya Windows, inatosha kwa tangazo fupi.

Ipo pia programu iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya blogu, iitwayo Open Live Writer. Asili yake ni Windows Live Writer ya Microsoft. Mnamo Desemba 2015 msimbo wake ulitolewa wazi, na sasa hupatikana bure kwa watumiaji wa Windows. Siku ya kwanza huhitaji intaneti: mwandishi huingiza anwani ya blogu, jina la mtumiaji na nenosiri. Baada ya hapo anaweza kuzima intaneti, aandike na kuweka picha, kisha ahifadhi rasimu kwenye kompyuta. Akipata mtandao, hubofya kitufe cha kuchapisha na makala yakaenda yenyewe. Programu hii pia huweza kufungua makala ya zamani ili yasahihishwe na kurudishwa.

Si kila blogu hukubali kuunganishwa kwa urahisi. Ni vyema kwanza kujaribu kwa kutuma rasimu fupi. Ikikataa, njia ya LibreOffice na kunakili bado inafaa.

Hatua kwa hatua

1. Mwandishi afungue folda moja aipe jina la blogu. Ndani yake aweke folda nne: Rasimu, Tayari, Zilizochapishwa na Picha.

2. Kila faili ipewe jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, kwa mfano 2025-03-14-ukarabati-wa-bomba. Kwa mpangilio huo kompyuta huzipanga faili kwa tarehe, na hakuna atakayetafuta "tangazo jipya la mwisho kabisa" kati ya faili kumi.

3. Kabla ya kuandika neno la pili, faili ihifadhiwe. Kisha vitufe vya Ctrl na S vibonyezwe pamoja kila aya inapokamilika. Katika mipangilio ya LibreOffice, uhifadhi wa dharura unaweza kuwekwa uwe kila dakika mbili.

4. Jambo kuu litangulie. Msomaji wa tangazo la maji anataka kujua lini, wapi na kwa muda gani. Historia ya mradi ifuate baadaye.

5. Picha zipunguzwe ukubwa. Picha ya simu mara nyingi huwa na megabaiti 3 hadi 5. Ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200, huweza kushuka hadi kilobaiti 200 au 300, na bado ionekane vizuri. Kwa picha kumi, hiyo ni tofauti ya megabaiti 40 na megabaiti 3. Bando linalookolewa si la kikundi peke yake, kwa sababu kila mkazi atakayesoma kwa simu ataokoa pia.

6. Makala yakisharidhiwa, yahamishiwe folda ya Tayari. Siku ya kuchapisha, mwandishi aingie kwenye blogu na abandike maandishi aliyonakili kwa vitufe vya Ctrl, Shift na V. Njia hii hubandika maneno matupu bila rangi na maumbo ya ajabu ya programu ya kuandikia. Vichwa vidogo na picha viwekwe baadaye.

7. Kabla ya kubofya kitufe cha kuchapisha, ukurasa utazamwe kwanza, ikiwezekana kwa simu. Wasomaji wengi watausoma hapo.

Kutunza kumbukumbu

Baada ya kuchapisha, faili ihamishiwe Zilizochapishwa. Daftari la kawaida au lahajedwali litunze kichwa, tarehe, jina la mwandishi na kiungo. Katibu akibadilishwa baada ya uchaguzi wa kikundi, anayempokea hukuta kazi ikiwa kamili.

Nakala moja haitoshi. Kompyuta huibiwa, huharibika na kumwagikiwa chai. Folda yote inakiliwe kwenye flashi angalau mara moja kwa wiki, na flashi hiyo isikae kwenye mfuko mmoja na kompyuta.

Tahadhari za saiba na za kisheria

Anayetumia kompyuta ya saiba aandikie moja kwa moja kwenye flashi yake, asikubali kivinjari kihifadhi nenosiri, na atoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Flashi ikaguliwe virusi kabla ya kuchomekwa kwenye kompyuta ya ofisi.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na blogu ya kikundi inaweza kusaidia kuzifikisha mashinani. Kifungu cha 31 nacho kinalinda faragha. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, maelezo ya mtoto huhitaji idhini ya mzazi au mlezi. Orodha za nambari za vitambulisho na simu za wanachama zisiwekwe kwenye blogu. Muda wa kuandika nje ya mtandao ndio muda mzuri wa kuuliza: Je, mwenye picha hii amekubali?

Zoezi

Kila kikundi kichague tangazo moja la wiki ijayo. Liandikwe lote bila intaneti, lisomwe na watu wawili, picha zake zipunguzwe, kisha lichapishwe. Dakika zilizotumika mtandaoni zihesabiwe na kulinganishwa na za zamani.

Katibu wa kikundi cha maji angefuata hatua hizi, stima ingepotea na tangazo lingebaki kwenye flashi yake. Angelichapisha kesho yake kwa dakika tano, na akina mama wangejua mapema wapeleke mitungi wapi.