SOMO LA AMANI: Wakubwa wakiweka sahihi, sisi tunarudi lini nyumbani?



Katika vikundi vyetu vya masomo kuna swali linalorudi kila mara: ikiwa wakubwa wamekwisha kupatana, mbona sisi hatujarudi kwenye mashamba yetu? Ili kulijibu, tumeiweka historia ya nchi yetu kando ya historia ya nchi ya mbali, Nepal, nchi ya milima mirefu iliyo kati ya India na China. Wengine wenu mmewaona watu wake. Mwaka 2006 askari wa Nepal walikuwa Ituri, wamevaa kofia za buluu za MONUC. Walilinda amani kwetu wakati kwao wenyewe mwisho wa vita ulikuwa ungali unatafutwa.

1. Nchi mbili, miaka ileile

Mwaka 1960 Kongo ilipata uhuru. Mwezi wa Septemba Mobutu aliwaweka kando wanasiasa, na mwaka 1965 akatwaa madaraka yote. Desemba 1960 mfalme Mahendra wa Nepal naye alivunja bunge na kumfunga waziri mkuu, kisha akakataza vyama vya siasa. Katika nchi zote mbili, mtu mmoja alisema na wengine wakanyamaza kwa miaka mingi. Aprili 1990 vyama viliruhusiwa tena: Nepal tarehe 8, kwetu tarehe 24.

Lakini kuruhusu vyama si sawa na kuleta haki. Huko Nepal wakulima wengi walibaki bila ardhi, na watu wa tabaka la chini waliendelea kudharauliwa. Februari 1996 waasi Wamao walianza vita vilivyodumu miaka 10 na kuua watu wapatao 17,000. Kwetu pia vita vilianza mwaka huo wa 1996. Tarehe 15 Machi 1997 Kisangani iliangukia mikononi mwa AFDL, na Agosti 1998 vita vya pili vikaanza.

Tofauti kubwa ni hii: Nepal walipigana wenyewe kwa wenyewe, lakini kwetu majeshi ya nchi nyingine yaliingia. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji wa Kisangani. Mamia ya raia walikufa katika ugomvi usiokuwa wao.

2. Karatasi mbili

Tarehe 17 Desemba 2002 Wakongo waliweka sahihi mapatano huko Pretoria, na Aprili 2003 yakathibitishwa Sun City. Tukapata serikali ya "moja jumlisha nne": raisi mmoja na makamu wanne. Katiba ilipigiwa kura Desemba 2005, uchaguzi ukafanyika Julai 2006. Hayo si mambo madogo. Mji wetu ulipumua. Hata hivyo, nguvu nyingi zilikwenda katika kugawana viti. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliundwa, lakini kipindi cha mpito kiliisha bila tume hiyo kuchunguza maovu ya vita.

Nepal waliweka sahihi yao tarehe 21 Novemba 2006. Karatasi yao ilitaja watu wa chini waziwazi: waliokimbia warudi kwa hiari, mali iliyonyang'anywa irudishwe, na majina ya waliopotea yatangazwe ndani ya siku 60.

Je, yote yalitimizwa? Hapana, na hapo ndipo somo letu lilipo.

Upande wa silaha, kazi ilifanyika. Wapiganaji waliwekwa katika makambi saba makubwa, na Umoja wa Mataifa ukathibitisha 19,602 kati yao. Bunduki zilifungiwa ndani ya makontena yaliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa. Hatimaye wapiganaji wapatao 1,400 waliingia jeshini, na wengi wengine walipewa pesa wakarudi uraiani. Tarehe 28 Mei 2008 ufalme nao ulifutwa.

Upande wa waliopotea, siku 60 zilipita bila majina. Tume za kuwatafuta na kusikiliza ukweli ziliundwa mwaka 2015 tu. Mashamba mengi nayo yalichelewa kurudishwa. Sababu ni nini? Bunduki zilikuwa na mtu wa kuzihesabu, tena mwenye nguvu. Mama aliyepotewa na mwanawe alikuwa na karatasi peke yake. Ahadi yenye msimamizi ilitimia. Ahadi isiyo na msimamizi ililala.

3. Kisangani inatufundisha nini?

Tusidhani ni Nepal peke yao. Baada ya vita vya siku sita, miaka ilipita. Desemba 2005 Korti ya Kimataifa ya Haki ilisema Uganda ina hatia, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru kuilipa Kongo dola milioni 325. Kutoka Juni 2000 mpaka uamuzi huo ni karibu miaka 22. Mtoto aliyezaliwa siku za mabomu alikuwa mtu mzima. Anayedai fidia huulizwa kwanza uthibitisho: karatasi ya hospitali, picha, jina la marehemu, mashahidi. Aliyetunza karatasi yake ana mahali pa kuanzia.

4. Na sisi leo?

Mgogoro wa Wambole na Walengola uliolipuka mwaka 2023 ulianzia kwenye ardhi, ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakakimbia. Mapatano yoyote ya mambo kama hayo tuyapime kwa mambo manne.

Kwanza, kila ahadi iwe na tarehe, na jina la atakayeifuatilia. "Ardhi itaangaliwa" si ahadi. "Mipaka ya shamba itapimwa kabla ya mwezi fulani, mbele ya machifu wa pande zote mbili" ni ahadi.

Pili, tuandike tulichopoteza: nyumba, shamba na ukubwa wake, mifugo, watu waliokufa au kupotea. Tuandike hasara, tusiandike orodha ya maadui. Orodha ya kulipiza kisasi huzaa vita vingine, na ikionekana inaweza kumhatarisha aliyeiandika.

Tatu, waliokimbia wa makabila yote mawili, wanawake wakiwemo, wawe na nafasi ndani ya kikao. Mwanamke ndiye anayejua shamba liliishia kwenye mti gani.

Nne, asilazimishwe mtu kurudi. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, wa mwaka 2009, unasema kurudi ni kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mapatano gani tunayafahamu katika eneo letu? Nani alikuwepo, nani hakuitwa?
2. Ni ahadi ipi haikutimia? Ilikuwa na msimamizi?
3. Jirani wa kabila lingine amepoteza nini? Tumewahi kumwuliza?
4. Karatasi zetu tunazitunza wapi, mvua na moto visizifikie?

Ndugu, hatuwezi kuahidi siku ya kurudi. Nepal wenyewe, miaka mingi baada ya sahihi, Septemba 2025 waliona vijana wakiiangusha serikali kwa hasira juu ya ufisadi. Sahihi ya wakubwa husimamisha risasi. Njia ya kurudi nyumbani inahitaji mtu wa kuhesabu ahadi moja moja. Kazi hiyo tunaweza kuianza sisi wenyewe, wiki hii, kwa daftari moja na kalamu.