Jiko la Pampu Likikataa Kuwaka

Jiko la pampu la mafuta ya taa, ambalo wengi huliita stovu, lilibuniwa na F. W. Lindqvist huko Sweden mwaka 1892. Mafuta yake hayawaki vema yangali maji. Sharti kwanza yageuke mvuke ndani ya kichwa cha jiko kilichokwisha pata moto. Jambo hilo lisipofahamika, nyumba huweza kuungua.

Mara nyingi mwenye jiko, akiona haliwaki, huzidi kupiga pampu. Hilo ni kosa kubwa. Kichwa kingali baridi, mafuta hutoka kama maji, yakamwagika na kushika moto kwa ghafula. Yampasa afungue skrubu ya kutoa pumzi, angoje jiko lipoe, apanguse mafuta yote, kisha ajaze spiriti katika kisahani na kuiacha iwake mpaka ikaribie kwisha. Hapo ndipo afunge skrubu na kupiga pampu, polepole.

Kama kichwa kina moto wa kutosha na mwali bado ni dhaifu, yaelekea kitundu cha mvuke kimeziba kwa masizi. Kizibuliwe kwa sindano yake nyembamba, wala si kwa msumari, maana kitundu kikipanuka hakifai tena. Pampu ikienda bila uzito wowote, ngozi yake imekauka: ipakwe mafuta au ibadilishwe.

Petroli isitiwe kamwe. Wala mafuta yasiongezwe jiko likiwaka, hata kama maharagwe hayajaiva.