Kutoka Tasnifu hadi Jukwaani: Maandalizi na Uwasilishaji wa Utafiti wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mwanafunzi wa Kiswahili anavyoweza kuandaa na kuwasilisha utafiti wake mbele ya jopo la idara, semina au kongamano. Yanashikilia kwamba wasilisho si ufupisho wa tasnifu, bali ni hoja moja inayojitegemea, iliyopimwa kwa muda na kwa masikio ya hadhira. Kwa kutumia mfano mmoja wa kisarufi, yaani upatanisho wa vimilikishi na nomino za viumbe hai, makala yanafafanua hatua za kuteua hoja, kugawa muda, kuandaa slaidi, kuchagua istilahi na kujibu maswali.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika vyuo vikuu vya Kenya aghalabu husimama mbele ya wahadhiri na wenzake zaidi ya mara moja kabla ya kufuzu. Hutetea pendekezo la utafiti, huripoti maendeleo yake, na hatimaye hutetea tasnifu yenyewe. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mafunzo anayopewa huhusu kuandika. Kusema huachiwa bahati.

Matokeo ya hali hii yanajulikana kwa yeyote aliyehudhuria semina za idara. Msemaji huanza kusoma kurasa zake kuanzia usuli wa mada. Muda unapoyoyoma, angali katika mapitio ya maandishi. Mwenyekiti anapomwashiria amalize, yeye hueleza matokeo, ambayo ndiyo kiini cha kazi yake, kwa sentensi mbili za haraka. Jopo nalo haliwezi kuhukumu kisichosikika. Kazi iliyomgharimu mtafiti safari za nyanjani, karo na usiku mwingi wa kukesha hurejeshwa kwa madai kwamba suala la utafiti halieleweki, ilhali limo katika tasnifu. Hasara ya namna hii inaweza kuepukwa.

2.0 Kuteua Hoja Moja

Tasnifu hujibu maswali kadhaa. Wasilisho la dakika 15 hujibu moja. Hatua ya kwanza basi ni mtafiti kuandika, kwa sentensi moja, jambo ambalo angependa msikilizaji alikumbuke kesho yake. Akishindwa kuiandika sentensi hiyo, tatizo haliko katika uwasilishaji bali katika utafiti wenyewe, na ni heri aligundue mapema.

Chukua mfano wa mtafiti mwenye mada "Makosa ya Sarufi katika Insha za Wanafunzi wa Shule za Upili". Mada hii ni pana mno kwa jukwaa. Kutokana nayo, mtafiti anaweza kuteua suala hili: je, wanafunzi hutumia kimilikishi kipi pamoja na nomino za ukoo na urafiki zisizokuwa na kiambishi m-? Katika Kiswahili Sanifu husemwa "ndugu yangu", "rafiki yangu" na "jirani yangu", lakini husemwa "daktari wangu" na "kiongozi wangu". Mwanafunzi aliyefunzwa kuwa kila kiumbe hai huingia katika ngeli ya A-WA anaweza kuandika "rafiki wangu" kwa kufuata kanuni hiyo kikamilifu. Kwa hiyo, kosa lake huenda lisiwe la uzembe bali la kanuni iliyopanuliwa kupita mipaka yake. Hapa pana hoja. Msikilizaji anaweza kuikubali au kuipinga, na hilo ndilo linalotofautisha hoja na orodha ya makosa.

3.0 Kupima Muda

Muda wa dakika 15 unaweza kugawanywa hivi: dakika 2 za kueleza suala na umuhimu wake, dakika 3 za mbinu na nadharia, dakika 7 za data na uchanganuzi, na dakika 2 za hitimisho. Dakika 1 iliyosalia ni akiba. Mgawanyo huu unaweza kubadilishwa, lakini kanuni moja haibadiliki: data ndiyo ipewe fungu kubwa. Mapitio ya maandishi yatajwe tu pale yanapoonyesha pengo ambalo utafiti unaliziba.

Aidha, mtafiti wa Kiswahili ajihadhari na vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza, ambavyo hukadiria muda kwa idadi ya maneno kwa dakika. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Neno moja kama "aliyemwandikia" lina mofimu 7: a-li-ye-mw-andik-i-a. Lina silabi 7 pia, na hubeba maana ambayo Kiingereza huieleza kwa maneno yapatayo 5. Kwa sababu hiyo, ukurasa wa maneno 300 ya Kiswahili huchukua muda mrefu kuusoma kuliko ukurasa wa maneno 300 ya Kiingereza. Kipimo cha kuaminika ni saa. Mtafiti alisome wasilisho lake kwa sauti, si kimoyomoyo, angalau mara tatu. Mojawapo ya mara hizo iwe mbele ya mtu asiyeijua mada.

4.0 Slaidi na Data

Slaidi humsaidia msikilizaji kuona kile ambacho sikio haliwezi kukishika. Aya za tasnifu hazina nafasi humo. Zikibandikwa, hadhira itasoma badala ya kusikiliza, na msemaji atageuka kuwasomea watu wanachojisomea wenyewe huku akiwapa kisogo.

Katika mfano wetu, slaidi moja inaweza kubeba sentensi moja tu: "Rafiki yangu huyu amefika." Chini yake mtafiti aonyeshe kwamba kimilikishi "yangu" hakifuati upatanisho wa A-WA, ilhali kionyeshi "huyu" na kitenzi "amefika" vinaufuata. Msikilizaji ataona kwa macho yake kwamba nomino moja, ndani ya sentensi moja, imezaa upatanisho wa aina mbili. Slaidi hiyo itamfaa kuliko kurasa tatu za maelezo. Slaidi inayofuata iwe na safu mbili, moja ya "yangu" na nyingine ya "wangu", na chini ya kila safu mifano kutoka katika insha zenyewe.

Mifano hiyo ina wenyewe. Nchini Kenya, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inamtaka mtafiti awe na leseni ya utafiti, nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda taarifa za kibinafsi, zikiwemo za watoto. Mtafiti asionyeshe ukurasa wa insha wenye jina la mwanafunzi au la shule yake. Si vyema pia kosa la mtoto kugeuzwa kichekesho cha ukumbi; aliyelitoa kosa hilo ndiye aliyeuwezesha utafiti.

Hatimaye, umeme hukatika na projekta hugoma. Nakala chache zilizochapishwa zenye jedwali kuu la data zitamwokoa msemaji siku hiyo.

5.0 Istilahi na Hadhira

Wanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa kwamba fanani huisoma hadhira yake na kuukadiria utambaji wake kwa kuizingatia. Ajabu ni kwamba wengi wao huisahau kanuni hii wanapopanda jukwaani wao wenyewe.

Hadhira ya Kiswahili mara nyingi hutoka katika mapokeo tofauti ya istilahi. Wapo waliozoea kuziita ngeli kwa viambishi vya upatanisho, kama A-WA, KI-VI na I-ZI. Wapo pia waliozoea kuzitambulisha kwa nambari kama ilivyo desturi ya wanaisimu wa lugha za Kibantu. Wengine husema "yambwa", wengine "shamirisho". Wengine "tarakilishi", wengine "kompyuta". Katika kongamano linalowaleta pamoja wanafunzi wa Kenya, Tanzania na Uganda, tofauti hizi zinaweza kumeza muda wote wa maswali. Njia iliyo salama ni mtafiti kutangaza mwanzoni istilahi anayoitumia, kuifafanua kwa sentensi moja na mfano mmoja, kisha kushikamana nayo hadi mwisho. Kuchanganya "ngeli ya A-WA" na "ngeli ya 1 na 2" katika wasilisho moja bila maelezo ni kumwachia msikilizaji kazi ya mtafiti.

6.0 Kujibu Maswali

Maswali ni sehemu ya wasilisho, na hayana budi kuandaliwa. Mtafiti ajiulize kabla ya siku: ni wapi hoja yangu ni dhaifu? Katika mfano wetu, swali linalotarajiwa ni hili: ikiwa nomino za ukoo huchukua "yangu", mbona husemwa "mume wangu" na "mke wangu"? Aliyejiandaa atajibu kwamba maana ya ukoo pekee haitoshi. Umbo la nomino nalo huhusika, kwa kuwa "mume" na "mke" zina kiambishi m-, ilhali "ndugu" na "rafiki" hazina. Asiyejiandaa atababaika, na hoja nzuri itaonekana mbovu.

Swali lisikilizwe hadi mwisho, na pale linapokuwa refu, lirudiwe kwa ufupi ili ithibitike kuwa limeeleweka. Swali la ufafanuzi lijibiwe kwa mfano. Swali la mbinu lijibiwe kwa sababu zilizomfanya mtafiti aichague mbinu hiyo. Pale asipolijua jibu, aseme kwamba data yake haikuhusu jambo hilo, kisha aeleze ni data ya aina gani ingelijibu. Mficha maradhi kifo humfichua; jopo lenye uzoefu hulitambua jibu la kubuni hata kabla halijakamilika.

7.0 Hitimisho

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, Kiingereza ndicho kinachotawala mijadala ya kitaaluma katika vyuo vikuu nchini. Semina ya Kiswahili basi ni miongoni mwa kumbi chache ambamo lugha hii hutakiwa kubeba nadharia, data na ubishi wa kisomi kwa wakati mmoja. Wasilisho bovu humdhuru mtafiti, na pia humpa hoja anayedai kuwa Kiswahili hakiwezi kazi hiyo. Wasilisho zuri halihitaji kulijibu dai hilo kwa maneno. Inatosha kwamba suala limeeleweka, data imeonekana, na wasikilizaji wametoka ukumbini wakiendelea kubishana, kwa Kiswahili, kuhusu "rafiki yangu" na "mume wangu".