Kumzuia Mwenye Kushambulia Usiku: Darsa kwa Wanaume wa Mitaa ya Kigoma na Ujiji

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada ya hayo: katika vitabu vya fiqhi ya Imam Shafii upo mlango uitwao Kitabu as-Siyal, nao ni mlango wa kumzuia mtu anayeshambulia. Wanafunzi wengi huupita mbio, kwa kuwa huja karibu na mwisho wa kitabu, na mwalimu huwa amekwisha kuchoka. Lakini watu wa Kigoma na Ujiji wana haja nao kuliko milango mingi waisomayo kila mwaka.

Mnamo mwaka 2019 zilienea katika magazeti na redio habari za wanaume walioitwa teleza katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Walijipaka mafuta mwilini ili wakikamatwa waponyoke, na ndipo jina lao lilipotoka. Waliingia usiku, wenye visu na mapanga, katika nyumba za wanawake wasiokaa na waume, wakawaingilia kwa nguvu na kuwajeruhi waliokataa. Wala hayakuwa ya usiku mmoja. Yalikwisha kuanza miaka kadhaa nyuma. Basi itazamwe hali hii: mji ambao sensa ya mwaka 2012 ilihesabu ndani yake watu 215,458, nyumba zake zimebanana ukuta kwa ukuta, na mwanamke anapiga yowe mlango wa pili.

Na mwenye kusema kuwa teleza ni mashetani, hivyo hakuna la kufanya ila kusoma, ajue kuwa jini hana haja ya mafuta wala havunji komeo. Kusoma ni kwema, na mlango ufungwe pia. Jambo la namna hii liliwahi kuwapata watu wa Pemba na Unguja mwaka 1995, walipoingiwa na hofu ya popobawa. Watu walilala nje wakikesha kwa makundi, na hofu ile ikaishia kuua: mtu mgonjwa wa akili alipigwa na kundi mjini Zanzibar mpaka akafa, akidhaniwa kuwa ndiye. Hofu isiyo na elimu huwafungia watu milango usiku huu, na usiku wa pili huwatoa kumwua asiye na kosa.

Sasa mas'ala yenyewe. Amebainisha Imam Nawawi katika Minhaji kuwa yajuzu kumzuia kila anayeshambulia nafsi, au kiungo, au utupu, au mali. Ama mali, kuizuia si wajibu. Mwenyewe akitaka ataiacha iende. Lakini kuzuia utupu wa mwanamke usivunjwe ni wajibu, wala hakuna hiari ndani yake. Na kumzuilia mwenzio ni kama kujizuilia mwenyewe. Kwa hiyo mwanamume aliyesikia yowe la jirani yake, akajua ni la nini, akageukia upande wa pili wa kitanda, huyo ameacha wajibu kama aachavyo wajibu mwingine. Wala haulizwi kwanza kama mwanamke yule ni mjane, au ameachwa, au watu husema maneno juu yake. Maneno ya watu hayaondoi haki ya jirani.

Atasema mtu: mwenye kushambulia ana panga, nami nina watoto. Neno hili lina asili katika fiqhi, kwani wanavyuoni wameshartisha wajibu huu kwa mtu asiyeihofia nafsi yake. Lakini udhuru huu ni wa mtu mmoja aliye peke yake. Ikifunguka milango arubaini kwa mara moja, wapi itakuwa hofu? Ndipo ulinzi wa mtaa ukawa jambo la wote, si la mwenye moyo mkubwa pekee. Anas bin Malik ameeleza kuwa usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na sauti, wakatoka kuiendea, wakamkuta Mtume (S.A.W.) amekwisha kuitangulia naye anarudi, juu ya farasi wa Abu Talha asiye na tandiko, na upanga shingoni, akiwatuliza nyoyo. Hakungoja ajulishwe ni nyumba ya nani.

Kisha upo mpaka, na hapa wengi huuvuka. Mshambulizi huzuiwa kwa lililo jepesi kwanza. Akiondoka kwa kukemewa na kwa watu kuitana, kumpiga ni haramu. Akizuilika kwa mkono, mjeledi ni haramu. Kwa mjeledi, fimbo ni haramu. Na akizuilika kwa kujeruhiwa kiungo, kumwua ni haramu. Ila mapigano yakichanganyika hata mambo yakatoka mkononi, taratibu hii huondoka. Na akifa katika kuzuiwa kwa haki, hakuna kisasi wala dia. Ama akiisha kukimbia, au kufungwa kamba, hukumu ya kuzuia imekwisha. Anayempiga baada ya hapo, au kumvisha tairi na kumtia moto, amekuwa yeye ndiye mshambulizi. Taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu za miaka ya 2016 na 2017 zilihesabu mamia ya watu waliouawa na makundi namna hii nchini Tanzania. Adhabu ni ya hakimu. Na sheria si nyepesi: tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30.

Mwanamke aliyelazimishwa hana dhambi wala hadi, na katika madhehebu ya Shafii ana haki ya mahari ya mfano wake kwa aliyemtenda. Majirani wasimwambie anyamaze kwa kuogopa aibu. Aibu ni ya mwingine. Apelekwe polisi na hospitali upesi, kabla ya kuoga, ili ushahidi usipotee, na fomu ya PF3 ijazwe.

Limebaki lindo. Sungusungu ya Usukuma na Unyamwezi ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sheria ya mwaka 1989 ikaitambua. Basi kulinda mtaa si jambo geni wala si kuasi serikali, maadamu mwenyekiti wa mtaa na polisi wanajua. Kwa watu wa ziwani lipo la kuangaliwa zaidi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika giza la mwezi, na usiku wa mwezi mpevu hupumzika. Maana yake ni kuwa nyumba nyingi hukosa wanaume katika usiku ule ule wenye giza. Zamu za giza wapewe wenye maduka, mafundi, walimu na waajiriwa. Za mbalamwezi wazichukue wavuvi.

Na mwenye zamu ana udhuru wa kuacha jamaa msikitini, kwa kuwa kuhofia nafsi, heshima na mali ni miongoni mwa nyudhuru zilizotajwa. Ataswali Isha na Alfajiri pale alipo, kila moja ndani ya wakati wake, na mwenzake akiwa macho.