Mikono ya Samweli

Somo: 1 Samweli 8:1–5, 12:1–5

Samweli alipokuwa mzee alisimama mbele ya Israeli wote, akawataka wamshuhudie: ametwaa ng'ombe wa nani, au punda wa nani? Amemdhulumu nani? Amepokea rushwa ya nani? Akaahidi kurudisha. Watu wakakiri kwamba hakutwaa kitu.

Lakini wanawe, aliowaweka mwenyewe kuwa waamuzi huko Beer-sheba, walipokea rushwa wakapotosha hukumu. Naye tangu utoto alijua habari za Eli, ambaye hakuwazuia wanawe. Maana yeye ndiye aliyemletea Eli neno la Bwana.

Basi twajifunza mambo mawili. Kwanza, mwenye cheo, awe mzee wa usharika au mtunza fedha za sadaka, imempasa kutoa hesabu mbele ya watu bila kungoja kushtakiwa. Pili, mikono yetu kuwa safi haitoshi, ikiwa tumempa kazi mtu mpotovu kwa kuwa ni wa nyumba yetu. Tuliyemweka, tutaulizwa habari zake.

Waalimu, waulizeni wanafunzi wenu: Tukisimama leo mahali pa Samweli, ni nani atakayekuja kudai punda wake?