Mke Akipunguza Kazi, Je, Mtoto Atatolewa Nasari?



Barua zinazofika kwenye ukurasa huu hazitoki Nyeri na Kakamega peke yake. Wauguzi wetu wengi wako Uingereza, na zaidi tangu Kenya na nchi hiyo zilipotia sahihi mapatano ya wahudumu wa afya mwaka wa 2021. Walikwenda na ndoa zao, na shida za ndoa hazihitaji viza.

Mama mmoja aliyeko England alituandikia mwishoni mwa mwaka wa 2025. Yeye ni muuguzi na mume wake ni dereva wa basi. Wamekaa huko miaka minane, na wana kibali cha ukaaji wa kudumu. Mtoto wao wa kwanza ana miaka minne na huenda nasari. Wa pili alikuwa na miezi kumi. Mama hufanya zamu tatu kwa wiki, nyingine za usiku, na amechoka. Alimwambia mume wake kwamba anataka kubaki na zamu moja tu mpaka mtoto mdogo aweze kutembea. Mume akakataa kabisa. Alikuwa amesikia kazini kwamba mzazi akifanya kazi chini ya saa 16, serikali huacha kulipia nasari. Mke akajibu kwamba hayo ni maneno ya vijiweni, serikali hulipia watoto wote. "Tangu siku hiyo," aliandika, "kila mtu hulala akitazama ukuta wake."

Nani ana haki? Kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, na hapo ndipo ugomvi mwingi wa nyumbani unapozaliwa.

Tuanze na nusu ya mke. Ni kweli kwamba katika England kila mtoto wa miaka mitatu na minne hulipiwa saa 15 za nasari kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, hata kama wazazi wake hawafanyi kazi kabisa. Kwa hiyo huyu mkubwa hawezi kufukuzwa nasari kwa sababu mama amepunguza zamu. Lakini kuna mpango mwingine mkubwa zaidi, wa wazazi wanaofanya kazi. Tangu Septemba 2025 mpango huo hutoa saa 30 kwa wiki, kwa wiki zile zile 38, kuanzia mtoto anapotimiza miezi tisa mpaka aanze shule. Ukizidisha unapata saa 1,140 kwa mwaka. Nasari nyingine hukubali kuzigawa kwa mwaka mzima, na hapo hutoka karibu saa 22 kwa wiki. Mdogo wao hawezi kupata kitu bila mpango huu. Na kaka yake bila huo hurudi kwenye zile 15.

Sasa nusu ya mume. Saa 16 zimo katika sheria kweli, lakini hazihesabiwi kwa saa ya ukutani. Kinachotazamwa ni pesa. Kila mzazi anatakiwa atarajie kupata, kwa wastani wa miezi mitatu inayofuata, mapato yanayolingana na saa 16 kwa wiki za kima cha chini cha mshahara. Kwa mtu aliyetimiza miaka 21, kima hicho kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, basi saa 16 zilikuwa kama pauni 195 kwa wiki. Anayelipwa zaidi ya kima cha chini hufika hapo kwa saa chache zaidi.

Mama huyu alituambia hulipwa pauni 16 kwa saa, na zamu yake moja ina saa 11 na nusu za malipo. Zamu moja ni pauni 184. Amekosa pauni 11! Kwa hiyo mume alikuwa na sababu ya kuogopa, ingawa hakuijua vizuri. Lakini tazameni tena lile neno wastani. Miezi mitatu ni wiki 13, na kiwango chake mwaka ule kilikuwa kama pauni 2,539. Zamu moja kila wiki kwa wiki 13 huleta pauni 2,392. Akiongeza zamu moja tu katika miezi yote mitatu, anapata 2,576, naye amevuka. Watu wawili wamenuniana wiki nzima kwa sababu ya zamu moja ambayo wangeweza kuiandika kwenye kalenda.

Kiwango hubadilika kila Aprili. Kuanzia Aprili 2026 kima cha chini ni pauni 12.71, yaani kama pauni 203 kwa wiki au 2,643 kwa miezi mitatu. Kwa malipo yale yale ya pauni 16, mama atahitaji zamu mbili za ziada badala ya moja. Basi hesabu hii si ya kufanya mara moja na kusahau.

Jambo linalowaumiza wanandoa zaidi ni hili. Siku ya arusi padre aliwaambia kwamba sasa ninyi ni mwili mmoja. Ofisi ya serikali haihesabu hivyo, inahesabu wawili. Mshahara mnono wa mume haumfuniki mke aliyeshuka chini ya kiwango, na wa mke haumfuniki mume. Mmoja akipungukiwa, nyumba nzima hutoka katika mpango. Kadhalika mmoja akitarajia mapato ya zaidi ya pauni 100,000 kwa mwaka, wote wawili hukosa, lakini hiyo si shida ya wengi wanaotuandikia.

Sheria haina moyo wa jiwe kabisa. Aliye katika likizo ya uzazi au likizo ya ugonjwa yenye malipo huhesabiwa kuwa yumo kazini. Aliyeanza biashara yake mwenyewe hadaiwi kiwango hicho katika miezi 12 ya kwanza. Na mmoja akiwa hawezi kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu, naye anapokea msaada wa serikali unaotambuliwa na mpango huu, kazi ya mwenzake yatosha.

Hapa lazima tuwaonye vijana waliokwenda juzi juzi. Viza nyingi za wauguzi zimeandikwa kwamba mwenyewe haruhusiwi kutumia fedha za umma. Ili kupata saa 30, angalau mmoja wa wazazi awe na uraia, ukaaji wa kudumu, au ruhusa ya kutumia fedha hizo. Msiombe kwa kubahatisha kwa sababu jirani aliomba akapata; kosa hilo laweza kuharibu viza. Zile saa 15 za miaka mitatu na minne hazina sharti hilo, kwa hiyo msiziache. Walio Glasgow na Edinburgh nao wajue kwamba Uskoti ina utaratibu wake: kila mtoto wa miaka mitatu na minne hupata saa 1,140 kwa mwaka bila kuulizwa kazi ya wazazi.

Wazazi mlio huku nyumbani, msiharakishe kusema, "Mleteni mtoto kwa nyanya yake." Twajua mnasema kwa upendo. Lakini wapeni kwanza nafasi ya kupiga hesabu yao.

Kwa mama aliyetuandikia: usimwendee mume wako na gazeti hili mkononi kana kwamba umeshinda kesi. Ngojeni jioni ambayo hakuna mwenye zamu, watoto wakishalala. Wekeni mezani karatasi zenu za mshahara, yako na yake. Mwambie kwanza jinsi ulivyochoka, maana katika barua yako yote hatukuona mahali ulipomwambia hilo; ulimwambia zamu tu. Naye akwambie anaogopa nini. Ulizeni nasari inatoza nini juu ya saa za serikali, kwa maana chakula na nepi mara nyingi hulipiwa na mzazi. Kisha mtazame pia kama Baba anaweza kuacha siku moja ya basi badala ya wewe kuacha zamu mbili. Sheria haikusema anayepunguza lazima awe mama.

Mkishapatana, angalieni tarehe. Mtoto huanza kulipiwa muhula unaofuata baada ya kutimiza miezi tisa, na maombi yawe yamekwisha kufika kabla muhula haujaanza: mwisho ni tarehe 31 Agosti, 31 Desemba au 31 Machi. Mtapewa namba ya kupeleka nasari, na kila miezi mitatu mtatakiwa kuthibitisha kwamba hali yenu haijabadilika. Baba ndiye aliyekuwa na hofu ya kupoteza nafasi. Mwachieni yeye kazi ya kukumbuka siku hiyo.